Setra: Jinsi safu ya viti ilivyogeuzwa kipimo cha faida

Mfanyabiashara anayenunua basi la masafa marefu huuliza bei, injini na idadi ya viti. Mara chache huuliza swali la nne, ambalo ndilo litakaloamua gharama zake kwa miaka kumi ijayo: je, gari hilo lina ndugu wangapi? Basi lililobuniwa peke yake, lisilochangia kioo, mlango wala ekseli na gari jingine la kiwanda hicho, lina vipuri vya peke yake na bei ya peke yake. Basi lililotoka katika jamii ya magari yanayofanana humpa mwenye nalo duka kubwa zaidi la spea, mafundi wanaolijua, na mnunuzi siku atakapotaka kuliuza.

Kwa anayenunua hisa za kampuni badala ya gari lenyewe, swali ni lile lile, ila linaulizwa kiwandani. Kiwanda cha mabasi hakifanani na kiwanda cha sabuni. Wateja wake ni wachache, na kila mmoja anataka gari lake: huyu refu, yule fupi, wa tatu anataka buti kubwa, wa nne anataka choo. Kiwanda kikimkubalia kila mteja kwa kubuni upya, fedha zinaishia kwenye meza ya wachoraji. Kikikataa, mteja anakwenda kwa jirani. Namna kiwanda kinavyotoka katika mtego huo ndiyo inayoonyesha kama kitapata faida.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni wa mabasi ya Setra ya Ujerumani. Una mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa mbalimbali: ubunifu uliofanikiwa sana, na kampuni ambayo hata hivyo ilishindwa kubaki mikononi mwa wenyewe.

MJENGA BODI ANAPOBANWA

Kampuni ya Kässbohrer ilianzishwa na Karl Kässbohrer mwaka 1893 katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, ikitengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1911 ilijenga bodi yake ya kwanza ya basi. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi ilikuwa moja: chesisi inatoka kwa kiwanda kingine, Kässbohrer anaivika bodi, mteja anaondoka na basi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi biashara hiyo haihitaji maelezo marefu. Mwenye mabasi hununua chesisi kwa wakala, akaipeleka karakana, akajengewa bodi kwa kipimo anachotaka. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mabasi ya Afrika Mashariki yalipatikana hivyo, na mengi yalikaa juu ya chesisi zilizobuniwa kwa ajili ya malori. Njia hiyo ina faida zake, na si haki kuidharau. Chesisi ya lori huvumilia barabara mbaya. Bodi ikichakaa au ikipata ajali, inaweza kuvuliwa na nyingine ikajengwa juu ya chesisi ile ile.

Kasoro yake iko upande wa mjenzi. Anayeshika chesisi ndiye anayeshika biashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye chesisi nchini Ujerumani walikuwa wakiuza pia mabasi yenye bodi zao wenyewe, maana yake ni kwamba mtu aliyemuuzia Kässbohrer malighafi ndiye aliyekuwa mshindani wake sokoni. Hakuna mfanyabiashara anayelala usingizi katika hali kama hiyo.

Jibu la Otto Kässbohrer, mtoto wa mwanzilishi, lilikuwa kuondoa chesisi kabisa. Mwaka 1951, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ilionyesha basi lililoitwa S 8. Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba ya chuma ya mraba yaliyochomelewa pamoja, na kiunzi hicho chote, kuanzia sakafu, kuta hadi paa, ndicho kilichobeba uzito. Injini ya dizeli ya Henschel ilifungwa nyuma. Jina Setra lenyewe limekatwa kutoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kinachojibeba chenyewe.

Faida za kiufundi zilionekana mara moja. Bila ile fremu nzito ya chini gari lilikuwa jepesi, na mahali fremu ilipokuwa ikipita pakawa wazi kwa mizigo ya abiria. Lakini faida ya kibiashara ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Kässbohrer sasa alihitaji kununua injini, giaboksi na ekseli tu, vitu ambavyo vina wauzaji zaidi ya mmoja. Akigombana na mmoja, anakwenda kwa mwingine.

Tarakimu 8 katika S 8 haikuwa pambo. Ilikuwa idadi ya safu za viti.

KUSOMA NAMBA YA GARI

Kwa kuwa kiunzi kilikuwa cha kwake, Kässbohrer aliweza kukirefusha na kukifupisha apendavyo. Mwaka 1955 alitoa S 6, basi dogo la safu sita ambalo kila gurudumu lake lilikuwa na springi zake pekee. Hadi hapo, hata hivyo, kila gari lilikuwa bado ni mradi wake.

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka 1959, kwa toleo lililojulikana kama la 10. Badala ya kubuni basi, kampuni ilibuni vipande. Sehemu ya mbele, pamoja na dereva, kioo na mlango, ilikuwa moja. Sehemu ya nyuma, pamoja na injini, ilikuwa moja. Katikati ndipo palipotofautiana: mteja alipotaka gari refu zaidi, kiwanda kiliongeza kipande chenye upana wa safu moja ya viti, pamoja na dirisha lake na ubavu wake. Akitaka fupi, kinapunguzwa. Wachoraji hawakuitwa.

Wazo hilo ni jepesi kulieleza, na pengine ndiyo sababu wengi hulipita bila kuliona uzito wake. Kässbohrer alichukua kitu ambacho mwenye basi anakiuza, yaani safu ya viti, akakifanya kuwa kipimo cha kiwanda. Mteja alipokuwa akipiga hesabu ya nauli, alikuwa pia anaandika oda ya kiwandani bila kujua.

Matoleo yaliyofuata yaliendeleza mtindo huo, na yeyote anayekutana na Setra leo anaweza kuisoma namba yake kama bei iliyobandikwa dukani. Tarakimu ya kwanza ni toleo, mbili za mwisho ni safu za viti. S 215 ni gari la toleo la 200 lenye safu 15. S 315 ni la toleo la 300, urefu wa jamii ile ile. S 211 ni fupi, safu 11. Herufi zinazofuata zinaeleza kimo na kazi: HD ni gari lenye sakafu iliyoinuliwa ili buti iwe kubwa, UL ni la njia za kati ya miji na vijiji, DT ni la ghorofa. Ndiyo maana gari la ghorofa la toleo la 200 liliitwa S 228 DT: safu za juu na za chini zimejumlishwa pamoja.

Ni vizuri kutahadhari kwamba namba ni kipimo cha urefu zaidi ya kuwa hesabu kamili ya abiria. Safu 15 za viti vinne zingekuwa viti 60, lakini mlango, choo na nafasi ya miguu hula sehemu yake.

HESABU YA KALIBU

Faida ya mpango wa namna hiyo iko wapi hasa? Chukua mfano wa kubuni. Kalibu ya kutengenezea bati la ubavu inagharimu shilingi milioni 20. Ikiwa bati hilo linatumika katika modeli moja tu, na mabati 400 yakatengenezwa kabla modeli haijaachwa, kila bati linabeba shilingi 50,000 za kalibu peke yake, kabla ya chuma, rangi na mishahara. Ikiwa bati lile lile linaingia katika modeli tano na mabati 2,000 yakatengenezwa, mzigo wa kalibu unashuka hadi shilingi 10,000. Zidisha hesabu hiyo kwa vioo, milango, dashibodi, taa na viti, ndipo inaonekana kwa nini viwanda viwili vinavyouza mabasi kwa bei moja vinaweza kuwa na vitabu vya hesabu visivyofanana hata kidogo.

Upande wa muuza spea ni huo huo. Wakala mwenye modeli tano, kila moja na kioo chake cha mbele, akitaka kuwa salama ataweka angalau vioo viwili vya kila aina. Hivyo ni vioo kumi, fedha iliyolala stoo. Kioo kikiwa kimoja kwa modeli zote, vinne au vitano vinamtosha, na mwenye basi hasubiri meli.

Lakini mtindo huu una gharama ambayo wauzaji hawaitangazi. Vipande vya pamoja lazima viwe na nguvu ya kutosha gari kubwa kuliko yote katika jamii. Gari dogo, basi, linabeba ekseli, breki na sehemu ya nyuma zilizokusudiwa kaka yake mkubwa. Matokeo yake gari dogo halishuki bei kwa kiasi linavyoshuka viti. Mathalani, ikiwa gari la safu 15 linauzwa shilingi milioni 100 na la safu 11 milioni 85, safu moja katika gari kubwa imegharimu karibu milioni 6.7, na katika gari dogo karibu milioni 7.7. Dereva ni mmoja katika yote mawili. Mwenye njia isiyo na abiria wengi ambaye hununua gari fupi kwa kudhani amebana matumizi anapaswa kuifanya hesabu hiyo kabla ya kusaini. Gari fupi lina mahali pake, kwenye barabara nyembamba za milimani au kwa safari za watalii wanaolipa zaidi, lakini mahali hapo si kila njia.

ALIYETENGENEZA KWA MTEJA MMOJA

Ili thamani ya jamii ya magari ionekane vizuri, inafaa kutazama kiwanda kikubwa zaidi kilichofanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja. General Motors ya Marekani katika miaka ya 1950 ilikuwa na basi la masafa lililoitwa PD-4104. Hapo pia namba ilisema viti: 41. Lilikuwa gari la futi 35, bila makuu, ambalo kampuni yoyote ya usafiri ingeweza kulinunua. Lilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1960, na zaidi ya magari 5,000 yalitoka kiwandani.

Wakati huo huo General Motors ilitengeneza basi jingine, PD-4501, kwa ajili ya kampuni moja tu, Greyhound. Ndilo lililojulikana kama Scenicruiser. Lilikuwa na urefu wa futi 40, ekseli tatu, sakafu mbili, abiria wengi wakikaa juu na kutazama nchi. Sura yake ilichangiwa na mbunifu maarufu Raymond Loewy. Hadi leo ni moja ya mabasi yanayokumbukwa zaidi na Wamarekani.

Kibiashara lilikuwa jambo jingine. Kwa kuwa injini moja iliyokuwapo haikutosha uzito wake, zilifungwa injini mbili za silinda nne zikisukuma kwa pamoja. Kiungo cha kuziunganisha kikawa chanzo cha matatizo ya kila siku. Magari 1,001 yalitengenezwa kati ya 1954 na 1956, kisha basi. Hapakuwa na mteja wa pili wa kuendelea kugharamia marekebisho. Mwaka 1961 na 1962 karibu magari yote yaliyobaki yalipelekwa kwa kampuni ya Marmon-Herrington kuvuliwa injini mbili na kuwekwa moja ya V8. Yaani mwenye magari aliyalipia mara mbili.

PD-4104 haikupata sifa za namna ile. Ila injini yake, vioo vyake na mafundi wake walipatikana katika kila mji wenye stendi ya mabasi.

MIAKA YA MAVUNO NA MIAKA YA KUPANDA

Jamii ya magari hugharimu fedha nyingi mara moja, kisha hurudisha kidogo kidogo. Kwa hiyo umri wake ni takwimu ya kuangaliwa. Toleo la 10 la Setra lilianza 1959, la 100 likafuata 1967, la 200 mwaka 1976, la 300 mwaka 1991, la 400 mwaka 2001 na la 500 mwaka 2012. Ukitoa miaka, linalojitokeza ni toleo la 200, lililokaa miaka 15 kabla ya mrithi wake kuonekana. Hiyo ni miaka mingi ya kuvuna kalibu zilizokwisha kulipwa.

Mavuno marefu, hata hivyo, huja na deni. Toleo la 300 lilipotoka mwaka 1991 lilikuwa jipya kwa kiasi kikubwa, na mwaka uliofuata kampuni ilifungua kiwanda kipya cha kuunganishia mabasi huko Neu-Ulm, ng'ambo ya mto Danube. Mwaka 1993 uchumi wa Ujerumani uliingia katika mdororo. Tarehe hizo tatu zikiwekwa pamoja zinaeleza mengi: gari jipya, kiwanda kipya, na soko linalopungua, vyote ndani ya miaka miwili. Kwa kampuni kubwa yenye bidhaa nyingi hilo lingekuwa jeraha. Kwa kampuni ya ukoo lilikuwa suala la uhai.

Kässbohrer ikagawanywa. Magari yake maarufu ya kusawazisha theluji milimani yakawa kampuni ya peke yake. Mabasi ya Setra yakauzwa kwa Mercedes-Benz, yaani mmoja wa wale wenye chesisi ambao Otto Kässbohrer alitaka kujitenga nao mwaka 1951. Kwa kuwa pamoja makampuni hayo mawili yangeshika zaidi ya nusu ya soko la mabasi la Ujerumani, Tume ya Ulaya ililichunguza jambo hilo kwa kina kabla ya kuliruhusu Februari 14, 1995. Tume ilizingatia kwamba watengenezaji wa nchi nyingine za Ulaya wangeweza kuingia zaidi katika soko hilo na kuzuia mnunuzi asipandishe bei apendavyo. Mwaka huo huo ikaundwa EvoBus, kampuni iliyoshika Mercedes-Benz na Setra pamoja.

Kuna watakaosema kwamba ubunifu mzuri haukusaidia kitu. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Mnunuzi hakulifuta jina la Setra, wala hakuufuta mpango wake wa safu za viti. Aliendeleza ule ule mchezo kwa kiwango kikubwa zaidi: viunzi vya aina zote mbili vikaletwa pamoja kiwandani Mannheim, kazi ya kumalizia ikafanyika Neu-Ulm, na toleo la 400 likatoka likiwa na injini za Mercedes-Benz. Vipande ambavyo zamani vilichangiwa na modeli za kiwanda kimoja sasa vilichangiwa na majina mawili. Kilichomshinda Kässbohrer kilikuwa ukubwa wa mtaji wa kusubiri mavuno.

MASWALI YA KUMPELEKEA WAKALA

Jambo hili limesogea karibu zaidi na Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000, mabasi kamili kutoka China, yakiwamo ya Yutong, yalipoanza kuingia Tanzania kwa wingi na kushindana na bodi zinazojengwa juu ya chesisi. Mnunuzi wa basi kamili hana tena uhuru wa kuvua bodi na kujenga nyingine. Anategemea kiwanda kwa kioo, kwa bati na kwa taa. Kwa hiyo anapofika kwa wakala, aulize modeli aliyoonyeshwa inachangia nini na modeli nyingine zilizoko barabarani tayari, na aombe kuona namba za vipuri badala ya kuridhika na maneno. Aulize pia jamii hiyo ya magari ilianza mwaka gani. Iliyo katika mwaka wake wa kwanza bado ina kasoro ambazo wanunuzi wa mwanzo ndio watakaozigundua. Iliyo mwishoni inaweza kupatikana kwa punguzo zuri, lakini mara toleo jipya linapotoka, bei ya kuuzia lile la zamani hushuka, na punguzo linaliwa hapo.

Mwenye hisa naye atapata majibu hayo kwa kusoma taarifa za mwaka: ni modeli ngapi zinazotengenezwa, ni lini zilibuniwa upya, na gharama za kubuni zimelipwa kutoka wapi, faida au mkopo. Kiwanda kinachotangaza gari jipya na kiwanda kipya katika mwaka mmoja kinastahili kutazamwa mara mbili kwenye mizania yake.

Kuhusu Setra yenyewe, mwekezaji mdogo hakuwahi kupata nafasi ya kununua hisa za Kässbohrer. Ilikuwa mali ya ukoo. Daimler Truck ilipotenganishwa na kuingia soko la hisa la Frankfurt mnamo Desemba 2021, mabasi yalikwenda nayo, na mwaka 2023 EvoBus ikabadilishwa jina kuwa Daimler Buses. Anayetaka sehemu ya biashara hiyo ya safu za viti analazimika kununua hisa ya kampuni ambayo mapato yake mengi hutoka kwenye malori, na bei ya hisa hiyo itafuata oda za malori kabla ya kufuata za mabasi.